Kuanza uzamili wa akiolojia ya kihistoria: fungua masanduku kabla ya kushika mwiko wa kuchimbia

Barua ya udahili ikishafika, wengi hukimbilia ramani. Wanatafuta mahame ambayo hayajaguswa na mtu, na akilini tayari wamesimama juu ya shimo lenye kuta zilizonyooka, chekeche linatikiswa, kofia kichwani. Uzamili wenyewe hauko hivyo. Una miaka miwili tu. Wa kwanza unaliwa na madarasa na insha, wa pili unaliwa na vibali, mvua na msimamizi aliyesafiri. Ukiutegemea mwaka huo wa pili kwa uchimbaji mkubwa, utajikuta una magunia ya vigae visivyooshwa wakati wenzako wanafunga tasnifu.

Ndiyo maana mwongozo huu una msimamo mmoja: tasnifu ya uzamili ijengwe juu ya vitu vilivyokwisha kuchimbwa, vilivyolala kwenye masanduku. Ukichimba, chimba mashimo machache ya kujibu jambo ambalo masanduku yameshindwa kulijibu. Kuchimba kwa upana kuna wakati wake, nao ni uzamivu.

Ninamwandikia anayeanza Tanzania au Kenya, hasa mwenye hamu ya pwani na njia za misafara za karne ya 19. Anayekwenda kusoma Ulaya au Marekani nimemwekea maneno machache katika hatua ya pili.

Hatua ya 1: Jua umeingia kambi gani

Katika bara la Amerika, akiolojia ya kihistoria kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kuja kwa Wazungu baada ya 1492. Kwetu hesabu hiyo inakwama mara moja. Pwani hii iliandikwa na wafanyabiashara wa Kiyunani tangu karne ya 1, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na Kilwa yenyewe ina tarikh yake, yaani kitabu cha historia ya watawala wake. Kisha kuna Buhaya, nchi ya Wahaya huko Kagera. Huko, miaka ya 1970, Peter Schmidt alichimba kwa kufuata masimulizi ya wazee juu ya wafalme na wafua chuma, akayachukua masimulizi kama ushahidi wa kupimwa na udongo. Kwa hiyo wapo wanaotumia jina hili kwa miaka mia tano ya mwisho ya biashara ya bahari na ukoloni, na wapo wanaolitumia kwa wakati wowote ambapo udongo unakutana na ushahidi wa maneno, yawe yameandikwa au yanasemwa.

Soma pande zote mbili, amua wewe umesimama wapi, liandike kwa sentensi tatu, kisha songa mbele. Nimeona tasnifu zenye sura nzima ya kubishana juu ya maana ya jina la fani, halafu vigae vimepewa kurasa nane. Watahini hawakuipenda.

Hatua ya 2: Tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chuo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu 1985, na Nairobi fani hii imekaa pamoja na historia. Majina ya vyuo yana uzito wake, lakini atakayekubeba au kukuangusha ni mtu mmoja. Tafuta anayeshughulika na aina ya vitu unavyotaka kuvishika: vyungu, mifupa, shanga, chuma, au majengo. Soma makala zake mbili za karibuni, sio zile zilizompa jina miaka ishirini iliyopita. Kisha mwandikie kwa ufupi. Kiswahili au Kiingereza, utajua mwenyewe kwa namna anavyowaandikia watu, lakini heshima ibaki palepale:

*Shikamoo Profesa. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya historia, nimepata udahili wa uzamili mwaka huu. Nimesoma makala yako kuhusu vituo vya misafara, na nimevutiwa na vile vigae vya kutoka Ulaya ulivyovitaja bila kuvichambua. Naomba kuuliza kama masanduku hayo yapo na kama mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kuyafanyia kazi. Naweza kufika ofisini siku utakayonipangia.*

Inatosha. Usiambatishe wasifu wa kurasa sita. Msimamizi anayepokea barua ya namna hii anaelewa mambo mawili: umesoma, na unajua unachokitaka. Mkikutana, uliza waziwazi ana wanafunzi wangapi, kibali cha utafiti kitakuwa kwa jina la nani, na makala ikiandikwa majina yatapangwaje. Swali la mwisho linawatia watu aibu. Liulize hivyohivyo, mapema, kwa sauti ya kawaida.

Kwa anayetazama nje: Uingereza uzamili kwa kawaida ni mwaka mmoja, yaani hutapata nafasi ya kurudi nyumbani kuchimba, na masanduku ndiyo pona yako. Marekani wengi huingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na idara nyingi hulipa ada pamoja na posho kwa kazi ya kufundisha au utafiti, hivyo kamwe usikubali nafasi ya uzamivu ya kujilipia kabla hujauliza. Uppsala, Sweden, ina uhusiano wa muda mrefu na wanaakiolojia wetu. Felix Chami alipata uzamivu wake huko mwaka 1994. Ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa hiyo anayemaliza shahada ya kwanza leo asiutegemee kesho. Wa Jumuiya ya Madola na wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, una milango yake, usome masharti ya mwaka husika kwa sababu hubadilika. Na ukiwa Nairobi, ijue Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile inayotoa jarida la akiolojia la Azania tangu 1966. Maktaba yake peke yake inatosha kumfanya mtu apange chumba karibu.

Hatua ya 3: Punguza swali hadi liwe na kitu cha kuhesabu

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanafunzi anakuja na mada: "Akiolojia ya utumwa Zanzibar." Hiyo ni kazi ya maisha ya watu kumi. Sarah Croucher alipita kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Lydia Wilson Marshall alichimba makazi ya watumwa watoro katika pwani ya Kenya. Thomas Biginagwa alichambua mifupa ya wanyama kutoka vituo vya misafara vya bonde la Pangani. Kila mmoja alishika kipande chake, na bado kuna mengi hayajaguswa. Kazi yako ni kushika kipande kidogo kuliko chao.

Jaribu hivi: je, watu walioishi kwenye makazi ya wafanyakazi wa shamba fulani la karafuu walikuwa wakila kwenye bakuli za kutoka Ulaya au vyombo vya udongo vya kienyeji, na je, uwiano huo ulibadilika baada ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897? Swali hili lina mahali, lina kitu cha kuhesabu, lina tarehe iliyotoka kwenye karatasi, na linaweza kujibiwa "hapana" bila tasnifu kuanguka. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Swali ambalo jibu lake unalijua tayari halina haja ya shimo.

Lakini litazame tena kwa jicho kali. Je, jalala la nyuma ya nyumba linaweza kutenganisha 1890 na 1900? Mara nyingi haliwezi. Takataka huchanganyika, kuku huchakura, watoto huchimba, mtu hupanda muhogo juu yake. Kama masanduku yanatoka kwenye nyumba yenye sakafu mbili, moja juu ya nyingine, una bahati: ya chini ina umri wake na ya juu ina wake. Kama yanatoka kwenye jalala moja lisilo na matabaka, achana na 1897, uliza jambo la nusu karne nzima. Au tafuta tarehe yenye kishindo zaidi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Hapo una visiwa viwili, tukio moja, na uwezekano wa kulinganisha.

Wala usitegemee rediokaboni, kile kipimo cha maabara cha umri wa mkaa na mifupa, ikuokoe. Wenzako wa Zama za Mawe wanaipenda kwa haki, lakini kati ya takriban 1650 na 1950 kipimo hicho kinayumba kiasi kwamba kipande kimoja cha mkaa kinaweza kukurudishia jibu la karne mbili au tatu. Fedha ya kipimo kimoja kama hicho inakulipia nauli ya kwenda na kurudi Nyaraka za Taifa mara kadhaa.

Hatua ya 4: Omba kufungua masanduku

Maghala yapo: idara za vyuo, Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus Mombasa, ambako pamoja na mengine kuna vitu vilivyotolewa kwenye mabaki ya merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama 1697 wakati ngome imezingirwa. Karibu kila mchimbaji aliyewahi kufanya kazi pwani hii aliacha vitu vingi kuliko alivyochapisha. Hilo si kosa la mtu. Kuchimba ni wiki kadhaa, kuchambua ni miaka.

Andika barua kwa mhifadhi kupitia kwa msimamizi. Ukikubaliwa, siku ya kwanza usihesabu chochote. Tembea sanduku kwa sanduku ukitazama lebo. Je, jina la shimo na tabaka bado linasomeka, au wino umeliwa na unyevu? Daftari la uwandani liko wapi? Sanduku lisilo na daftari ni vigae tu, halina tasnifu ndani yake. Ukilipata daftari, tafuta mambo mawili kabla ya mengine: ukubwa wa matundu ya chekeche, na nini kilitupwa. Chekeche la milimita 5 hupitisha shanga ndogo, kwa hiyo usije ukaandika kwamba watu wa mahali hapo hawakuvaa shanga. Na wachimbaji wengi wa zamani walibakiza vigae vyenye nakshi wakavimwaga vile vitupu, na ukihesabu asilimia ya nakshi kwenye sanduku la namna hiyo unahesabu macho ya mchimbaji.

Kisha ndiyo uanze kupima. Mizani ya jikoni ya kidijitali, kipimo cha unene, karatasi ya kupimia mzingo wa ukingo, mswaki laini, beseni mbili. Kigae cha udongo kioshwe kwa maji na mswaki. Chuma kisiguswe na maji kabisa, kisuguliwe kikiwa kikavu. Mfupa laini ufutwe tu. Shanga zioshwe juu ya kitambaa, la sivyo zitakwenda na maji na hutaziona tena.

Uzuri wa kipindi chetu ni kwamba vitu vingi vinajitangaza umri wake. Chukua kitako cha bakuli, kigeuze. Ukikuta chapa ya sphinksi, mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, na jina la Petrus Regout, Maastricht, unajua kimetoka Uholanzi, kwenye kiwanda kilichoanza kutengeneza vyombo mwaka 1836, kilichouza sana bakuli zake za kuchorwa na kugongwa mihuri ya rangi huku kwetu. Ukikuta sahani ya Kiingereza yenye alama ya almasi iliyojaa herufi na tarakimu, umbo lake au nakshi yake iliandikishwa kati ya 1842 na 1883. Neno "England" likiwa limeandikwa chini ya chapa kwa kawaida linakuleta 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya wakati huo ilidai nchi ya asili itajwe. Chupa nayo: pitisha ukucha kwenye mshono wa pembeni. Ukikatika kabla ya kufika mdomoni, shingo ilimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi kwenye mdomo wenyewe, chupa ni ya mashine, yaani karne ya 20.

Sarafu ndizo zinazodanganya vizuri zaidi. Pesa nyingi za shaba za Sultan Barghash wa Zanzibar zimeandikwa 1299 Hijria, sawa na 1882. Rupia za Wajerumani, na heller, sarafu zao ndogo, zina mwaka wake wazi. Lakini ile riale kubwa ya fedha yenye picha ya Maria Theresa imeandikwa 1780 daima, hata ikiwa imepigwa chapa miaka mia moja baadaye. Mwanafunzi akiikuta juu ya tabaka lenye chupa ya mashine akaandika karne ya 18, mtahini atacheka kwa adabu. Kanuni ni kwamba kitu kipya kuliko vyote ndani ya tabaka ndicho kinachokuambia tabaka lilifungwa baada ya lini. Vitu vya zamani hurithiwa. Bakuli ya bibi inaweza kukaa kwenye kidaka miaka sitini kabla ya kuvunjika.

Weka kila kitu kwenye jedwali moja la kompyuta, safu moja kwa kigae kimoja au kwa kundi la tabaka moja, na uamue kabla ya kuanza kama unahesabu vipande au uzito. Pima vyote viwili. Chungu kimoja kikivunjika vipande arubaini kinaonekana kama vyungu arubaini kwa anayehesabu vipande peke yake.

Hatua ya 5: Nenda kwenye nyaraka ukiwa na orodha

Wapo wanaoingia Nyaraka za Taifa na kusema wanatafuta "chochote kuhusu Bagamoyo". Watashinda wanafungua majalada ya kodi ya vibanda. Nenda na majina: jina la shamba, mwenye shamba, mfanyabiashara, kituo cha misheni, miaka kumi unayoitaka. Zanzibar, makavazi yako Kilimani, na yana barua za masultani, karatasi za konseli ya Uingereza na kumbukumbu za ardhi. Dar es Salaam, Upanga, kuna majalada ya utawala wa Wajerumani. Nairobi, jengo liko Moi Avenue, katikati ya mji kabisa.

Chukua kalamu ya risasi, kwa sababu wino hauruhusiwi kwenye meza za kusomea. Uliza utaratibu wa kupiga picha kabla ya kutoa simu. Andika namba kamili ya jalada kila unaponakili, hata sentensi moja, maana kurudi kutafuta jalada usilolijua namba ni adhabu.

Majalada ya Kijerumani yana tatizo la pili. Mengi yameandikwa kwa mkono wa kale unaoitwa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Kama swali lako linayahitaji, anza mazoezi mwaka wa kwanza. Kinyume chake, tunayo faida ambayo watafiti wengi wa nje huilipia: barua, mikataba na hesabu za wafanyabiashara wa pwani zilizoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu. Aliyepita madrasa ana mtaji mkononi na pengine hajui. Ufufue.

Na vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, akina Burton na Stanley, visome kama unavyosoma maelezo ya mgeni aliyepita njiani. Waliona soko, kambi, mzigo, na mtu aliyewakasirisha. Hawakuingia jikoni. Wakikuambia watu wa mahali fulani walikula ugali mtupu na sanduku lako limejaa mifupa ya mbuzi na samaki wa maji chumvi kilomita nyingi kutoka pwani, hapo ndipo sura yako nzuri ilipo. Usikimbilie kusema nani mwongo. Uliza msafiri alipita mwezi gani, aliongea na nani, alipiga kambi upande gani wa kijiji.

Hatua ya 6: Vibali, kwa mpangilio wake

Anza mapema kuliko unavyodhani. Tanzania Bara, kibali cha utafiti kinahusu COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa watafiti wengi, na uchimbaji una leseni yake kutoka kwa wenye dhamana ya malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Uliza chuo chako kinawaombea vipi wanafunzi wake. Zanzibar ina mamlaka na utaratibu wake, karatasi ya Bara haikufikishi mbali Unguja. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha ruhusa ya uchimbaji inayopitia kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Baada ya hapo unashuka ngazi, kwa Tanzania Bara: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Kila ofisi itataka kuona mhuri wa iliyo juu yake. Beba nakala nyingi.

Sheria zenyewe zisome, si ndefu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886, na milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Sheria ya Kenya ya 2006 inatumia 1895. Kwa fani yetu mistari hii si mapambo. Nyumba ya mfanyabiashara ya 1905 huko Bara inaweza isiwe na ulinzi wowote mpaka itangazwe rasmi, na mwenye nyumba anaweza kuibomoa wiki moja kabla hujafika. Piga picha na chora ramani mapema.

Jambo dogo linalosumbua watu: mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019. Vile vifuko vya kufunga kwa kubana ambavyo vitabu vya uwandani vinavitaja kila ukurasa vinaweza kukuletea maneno uwanja wa ndege. Uliza kwanza, au shona mifuko ya pamba na ununue bahasha za kaki. Lebo ziandikwe mbili, moja ndani, moja nje.

Hatua ya 7: Ukilazimika kuchimba

Chimba kiangazi. Pwani, masika ya Machi hadi Mei yatakujaza shimo maji. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yako.

Jiandae kuulizwa kuhusu mali za Wajerumani. Haijalishi unachimba kibanda cha pagazi au choo cha 1850, siku ya pili mtu atakuja kukuvuta pembeni: "Mwanangu, sema ukweli, ramani unayo?" Imani kwamba Wajerumani walizika dhahabu na rupia kila palipo na jiwe lililochongwa imeenea nchi nzima, na ukiichukulia kama mzaha utaamka ukute shimo lako limechimbwa usiku kwa sururu, kuta zote chini. Fanya hivi. Kabla ya kuweka kamba ya kwanza, omba mkutano kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji. Leta vigae na misumari iliyopatikana kwingine, iguswe, ipite mikononi. Ajiri vijana wa hapo hapo, wanaume na wanawake. Kila jioni kabla ya kufunga mifuko, tandaza vya siku hiyo juu ya turubai, atakaye aje aone. Watoto watakuja kwanza, kisha mama zao, kisha wale wenye wasiwasi. Siku ya tatu hivi watu huanza kuchoka: "Ni vigae tu hivi?" Hapo umepona.

Kama pana kaburi la mzee anayeheshimiwa, pamefungwa kitambaa au pana harufu ya ubani, usikaribie bila wenyewe. Dua au tambiko likiombwa, lifanyike, na gharama yake iwe kwenye bajeti.

Swali la utumwa ni gumu kuliko yote. Kwenye vijiji vingi watu wanajua nani alitoka wapi, na hawasemi. Usimuulize mtu kama babu yake alikuwa mtumwa. Uliza shamba hili lilikuwa la nani, nyumba za upande ule wa mtoni walikaa watu gani, walikuwa wakipika nini, walizikwa wapi. Mzee akitaka kukuambia, atakuambia mwenyewe, pengine siku ya nne, pengine baada ya kuzima kinasa sauti. Alichokuambia kikiwa kimezimwa si cha kuandika kwa jina lake.

Mashimo mawili ya mita mbili kwa mbili, yaliyochorwa vizuri, yanatosha. Fukia kila shimo kabla ya kuondoka.

Hatua ya 8: Fedha, kwa kifupi

Gharama kubwa ya uzamili wa masanduku ni kula na kulala karibu na ghala, na nauli za nyaraka. Ya uchimbaji ni posho za vijana, gari, chakula cha watu wote, na leseni. Andika bajeti mbili tofauti kabla ya kuomba ruzuku, kwa sababu mfadhili mdogo anaweza kulipa ya kwanza yote na asiguse ya pili. Usisahau mstari wa masanduku, karatasi isiyo na asidi na wino usiofutika. Wafadhili huupenda mstari huo kuliko unavyodhani, na wahifadhi watalikumbuka jina lako.

Hatua ya 9: Andika huku unahesabu, kisha rudisha

Sura ya vitu iandikwe wakati vitu viko mezani. Ukingoja mpaka uwe umerudi chumbani, utakumbuka nakshi lakini hutakumbuka kwamba nusu ya vile vigae vilikuwa vimeungua upande mmoja, dalili kwamba chombo cha mezani kilibandikwa motoni. Andika aya moja kila mwisho wa sanduku, hata kama ni mbaya. Michoro ya vigae ichore mwenyewe, kwa sababu mkono ukichora jicho linaona kilichopita kwenye picha.

Ukimaliza, masanduku yarudi yakiwa bora kuliko ulivyoyakuta: lebo mpya zilizoandikwa upya bila kutupa zile za zamani, orodha iliyochapwa ndani ya kila kifuniko, na nakala ya jedwali lako kwa mhifadhi kwenye diski pamoja na karatasi. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili tatu, wenye picha, upelekwe ofisi ya kijiji, na nakala nyingine apewe mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu na mahame.